Kobayi Anapofadhaika: Tusome Dalili Kabla ya Kulia



Leo katika ukurasa huu wa jamaa tunataka kumwangalia mnyama mdogo kuliko mbuzi na sungura. Yule anayelala jikoni karibu na mafiga, au chini ya kitanda cha watoto, na kupiga filimbi kila asikiapo majani yakiletwa. Wenye kusema Kifaransa humwita kobayi. Katika Kivu wengi humwita dende, na ndugu zetu wa Tanzania humwita simbilisi. Watoto humpenda kama rafiki wa mchezo. Wazazi humhesabu kama akiba ndogo: wana wake huuzwa sokoni, na faranga zile hununua daftari, kalamu au sabuni. Katika miaka ya vita iliyoanza mwaka 1996, jamaa nyingi za Kivu zilinyang'anywa ng'ombe na mbuzi wao. Kobayi, kwa kuwa ni mdogo na hufichika kwa urahisi, alibaki kuwa msaada wa maskini.

Lakini mara nyingi husikika maneno haya vijijini na mitaani: "Jana alikuwa mzima. Asubuhi tumemkuta amekufa." Na baada ya maneno hayo hufuata mengine mabaya zaidi. Mmoja anasema jirani amemtazama mnyama kwa jicho baya. Mwingine anampiga mtoto aliyepewa kazi ya kumlisha. Basi nyumba mbili zinanuniana, au mtoto analia bila kosa, kwa ajili ya mnyama asiyefikia hata kilo moja na nusu.

Twapenda kuwaambia leo kwamba mnyama huyo, mara nyingi, hakuanza kuugua usiku ule. Siku mbili tatu, hata juma zima, alikuwa akitoa dalili. Wahenga walisema: dalili ya mvua ni mawingu. Mawingu yalikuwapo, ila hakuna aliyeinua macho.

TABIA ALIYOUMBWA NAYO

Ili tumfahamu kobayi, yafaa tujue kwanza ametoka wapi. Asili yake ni milima ya Andes, huko Amerika ya Kusini, katika nchi za Peru na Bolivia. Wenyeji wa huko wamemfuga tangu maelfu ya miaka, nao hula nyama yake katika sikukuu zao. Katika karne ya 16 Wahispania waliwapeleka wengine Ulaya, na kutoka huko wakaenea duniani kote.

Katika milima ile ndugu zake wa porini huishi kwa makundi, katika nyasi ndefu na penye baridi kidogo. Hawana kucha za kupigana wala meno ya kuuma adui. Tai humwona kutoka juu, na mbweha humvizia kutoka chini. Silaha zake ni mbili tu: kukimbia kwenye maficho, na kutulia kimya kama jiwe. Tena, mnyama wa namna hii akionyesha unyonge mbele ya adui, huyo ndiye atakayekamatwa kwanza. Kwa hiyo ameumbwa kuficha maumivu yake. Anaweza kuugua na bado akasogea penye chakula pamoja na wenzake, akijifanya anakula.

Hapa ndipo wengi hudanganyika. Mbwa akiumia hulia. Mbuzi akiugua hulala chini na kila mtu humwona. Kobayi hafanyi hivyo. Yeye hunong'ona tu, naye anayetaka kumsikia lazima akaribie.

MFADHAIKO NI KITU GANI?

Wataalamu wa siku hizi hutumia neno stresi. Sisi tutaliita mfadhaiko. Neno hili tunalisikia sana juu ya watu, lakini elimu yake ilianzia kwa panya.

Mwaka 1936, katika Chuo Kikuu cha McGill mjini Montréal, nchi ya Kanada, mganga mmoja aitwaye Hans Selye, mzaliwa wa Vienna, aliandika juu ya jambo lililomshangaza. Aliwatia panya katika taabu za namna nyingi: baridi kali, majeraha, kazi ya kupita kiasi, sumu kidogo. Taabu zilikuwa mbalimbali, lakini alipopasua miili yao alikuta mambo yale yale matatu. Tezi ndogo zilizo juu ya mafigo zilikuwa zimevimba. Tezi ya kifuani inayosaidia mwili kupigana na magonjwa ilikuwa imenywea. Na ndani ya tumbo mlikuwa na vidonda. Akafahamu kwamba mwili una njia moja ya kujibu taabu yoyote, na kwamba jibu lenyewe, likidumu mno, huugeuka mwili na kuuharibu.

Tueleze kwa maneno mepesi. Mnyama akiona hatari, moyo wake hupiga mbio, damu hukimbilia miguuni, na tumbo huacha kazi yake kwa kitambo ili nguvu zote ziende katika kukimbia. Hatari ikipita, kila kitu hurudi mahali pake. Jambo hilo ni jema. Bila hilo mnyama angeliwa. Lakini hatari isipopita, kwa mfano paka akilala kila siku juu ya sanduku lake, tumbo halipati raha, nguvu za kupigana na ugonjwa hupungua, na mnyama hukonda.

Kwa kobayi neno hili ni zito zaidi kuliko kwa wengine. Tumbo lake ni kama kinu kisichopaswa kusimama. Hula nyasi kidogo kidogo, mchana na usiku, na ndani ya utumbo wake wamo vijidudu vyema vinavyosaidia kusaga nyasi hizo. Akiacha kula kwa sababu ya hofu, kinu husimama, vijidudu vibaya huzidi vile vyema, tumbo hujaa hewa, na kifo huweza kufika upesi. Ndivyo hofu, kitu kisichoshikika kwa mkono, huweza kumwua mnyama mzima.

TUMTAZAME KWA MACHO

Mwanafunzi anayetaka kujua kama kobayi wake ana raha asimfukuze wala kumshika kwanza. Akae mbali kidogo, anyamaze kwa muda wa dakika kumi, atazame.

Kobayi mwenye raha hutembea huku na huku, hunusa, hula, hujisafisha uso, hujinyosha. Wadogo huruka juu ghafula na kujipinda hewani, kama bisi zinazopasuka katika sufuria. Hiyo ni furaha tupu.

Kobayi aliyefadhaika huonekana hivi. Hukaa pembeni amejikunja, mgongo umeinuka, manyoya yamesimama kama ya kuku aliyelowa mvua. Macho yake hayang'ai, hufumba nusu. Hageuki wenzake wanapopita. Au kinyume chake: hukimbia ovyo kila mtu anapoinua mkono, hujigonga ukutani, na hata baada ya muda mrefu hatoki kwenye maficho. Mwingine hutafuna mti wa sanduku bila kukoma, kwa uchovu wa kukaa bila kazi. Mwingine hula manyoya ya mwenzake au yake mwenyewe, hata mgongo ukabaki wazi kama shamba lililofyekwa.

Msidanganyike, lakini, na mambo matatu yasiyo ugonjwa. La kwanza: nyuma ya kila sikio kobayi ana mahali padogo pasipo manyoya, ameumbwa hivyo. La pili: mara nyingine jicho lake hutoa maji meupe kama maziwa, naye huyapaka usoni kwa miguu ya mbele, anajisafisha. La tatu: huweza kusinzia macho yakiwa wazi, hiyo ni desturi yake ya kujilinda. Lakini jicho lenye ukoko mkavu, au pua inayotiririka, ni jambo jingine, na halifai kupuuzwa.

Tazameni tena chini alipolala. Mavi ya kobayi mzima ni mengi, makavu kidogo, marefu kama punje, yote sawasawa. Yakiwa madogo sana, machache, au laini ya kupakaa, tumbo lake lina shida. Mama anayefagia jikoni asubuhi anaweza kupata habari hiyo kabla ya mtu mwingine yeyote.

TUMSIKILIZE KWA MASIKIO

Sauti ya filimbi ndefu, "wii, wii", wakati wa kuleta majani, ni sauti ya kuomba chakula na ya kutumaini. Nyumba isiyoisikia tena sauti hiyo ijiulize kwa nini. Sauti ya chini ya kuguruma polepole, mwili ukiwa umelegea, ni ya raha. Dume naye huguruma akitembea kwa madaha mbele ya jike. Lakini mguno mfupi wa ghafula, mnyama akiwa amekakamaa, maana yake: "Nimesikia kitu, ninaogopa." Kugonganisha meno, "ta-ta-ta", ni onyo la hasira, ukiendelea kumsogelea atauma, naye hana kosa. Ukelele mkali wa juu ni wa maumivu au wa hofu kubwa. Sauti ya kukoroma au kukwaruza katika pumzi si lugha. Ni dalili ya kifua kuugua.

TUMPIME KWA MIKONO

Macho na masikio hayatoshi, kwa kuwa manyoya huficha kukonda. Mara moja kwa juma, siku ile ile, mpimeni katika mizani, hata ile ya muuza unga jirani, mkiwa mmemtia katika kikapu. Andikeni uzito wake katika daftari. Mwenye gramu 800 akipoteza 80 kwa juma moja, yaani sehemu ya kumi, mambo si mazuri, hata kama bado anapiga filimbi.

Na namna ya kumshika ni hii. Mkono mmoja uwe chini ya kifua, wa pili ubebe matako na miguu ya nyuma, kisha mumweke juu ya mapaja au kifuani. Msimshike kwa ngozi ya mgongo, wala msimwinue kwa ghafula kutoka juu. Kwake huyo ni tai anayeshuka. Mtoto mdogo akae chini kwanza, ndipo apewe; kwa maana kobayi akianguka kutoka mikononi mwa mtoto aliyesimama huvunjika kwa urahisi. Jike mwenye mimba kubwa asishikwe bila lazima. Mimba yake huchukua muda wa siku 65 hadi 70 hivi, na katika majuma ya mwisho hofu au njaa ya siku moja yaweza kumletea ugonjwa mkali, akafa yeye na watoto tumboni.

SABABU ZILIZOMO NYUMBANI MWETU

Tukisha kuona dalili, tutafute sababu. Tuzihesabu zile tunazozikuta mara nyingi.

Moshi. Wengi huwaacha kobayi jikoni wapate joto la moto. Joto la kadiri si baya katika milima ya baridi, lakini moshi wa kuni huunguza macho na mapafu yao kama unavyounguza yetu, nao hawana mlango wa kutokea.

Joto kali. Kobayi ni mwana wa milima. Hupenda hewa ya digrii 18 hadi 24. Katika Bukavu au Butembo shida hii ni ndogo. Lakini Uvira kando ya ziwa, au Lubumbashi katika mwezi wa Oktoba, sanduku lililowekwa juani chini ya bati hugeuka kuwa tanuru. Akilala chini kama kitambaa, akihema upesi, mate yakimtoka, mwondoeni mara moja, mpelekeni kivulini, mpanguseni kwa kitambaa chenye maji ya baridi kiasi, mpeni maji ya kunywa.

Kelele. Radio kubwa iliyowekwa juu ya sanduku lake, ngoma, watoto wanaogonga mbao ili wamwone akiruka: kwetu sisi ni mchezo, kwake ni mlango wa mauti unaofunguliwa kila saa.

Upweke. Kobayi mmoja peke yake hunyauka. Nchi ya Uswisi iliweka sheria, iliyoanza kutumika mwaka 2008, kwamba wanyama wa makundi kama kobayi wasifugwe mmoja mmoja. Sisi hatuhitaji kungoja sheria. Ukitaka kumpa mtoto zawadi ya kobayi, mpe wawili: majike wawili, au dume na jike ikiwa unataka wazae. Lakini madume wawili wakubwa katika sanduku moja lenye majike watapigana hata damu, na yule aliyeshindwa atakonda pembeni kwa kunyimwa chakula.

Kukosa maficho. Sanduku tupu, lenye mwanga pande zote, ni uwanja wa vita kwa mnyama anayewindwa. Chungu kilichovunjika kikalazwa ubavu, kikapu kuukuu chenye matundu mawili, au fungu la nyasi kavu, ni nyumba tosha. Matundu yawe mawili, ili mnyonge apate kutokea upande wa pili mwenye nguvu aingiapo.

Paka, mbwa na sungura. Paka hata asipoua, harufu yake hutosha kuogofya. Sungura naye asilale pamoja na kobayi: humpiga teke, tena huweza kubeba kijidudu kisichomdhuru yeye bali humletea kobayi ugonjwa wa mapafu.

Chakula kilichogeuzwa ghafula. Leo majani ya viazi vitamu, kesho maganda ya ndizi tu, keshokutwa hakuna kitu: tumbo lake halijui la kufanya. Kila kigeni kianze kidogo kidogo. Majani yenye umande mwingi yanyaushwe kwanza. Majani ya viazi vya Ulaya na ya nyanya msiwape kamwe, yana sumu. Nyasi ziwe nyingi kila siku, kwa kuwa meno ya kobayi hayaachi kukua maisha yake yote, na nyasi ndizo zinazoyasugua.

UGONJWA UNAOFANANA NA HOFU

Lipo jambo moja linalowadanganya hata wafugaji wa siku nyingi. Kobayi anajikunja, hataki kutembea, analia akiguswa miguu, manyoya yamekuwa magumu. Mwenye nyumba anasema: "Huyu anaogopa tu." Kumbe amekosa vitamini C. Wanyama wengi huitengeneza wenyewe mwilini. Kobayi hawezi, kama sisi wanadamu tusivyoweza. Mwaka 1907, Wanorwe wawili, Axel Holst na Theodor Frølich, waliwalisha kobayi nafaka tupu, wakaona wanapata ugonjwa ule ule wa ufizi kutoka damu uliowaua mabaharia wa zamani. Kwa njia hiyo wanadamu walisaidiwa kuufahamu ugonjwa wao wenyewe. Basi tusimlipe kobayi wema huo kwa kumlisha unga na makapi peke yake.

Dawa yake iko uwanjani. Kobayi wa kilo moja ahitaji karibu miligramu 10 za vitamini hiyo kwa siku, na mwenye mimba mara tatu yake. Kipande cha pera kilichoiva, majani mabichi ya lengalenga au ya matembele, vyatosha. Pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, nalo huoza bure chini ya miti yetu kila mwaka.

AKIUGUA KWELI

Kobayi asiyekula tangu asubuhi hata jioni tusimngojee hadi kesho kutwa. Tumtenge mahali pa kimya, pamoja na mwenzake mmoja mpole ikiwa yupo. Tumpe majani anayoyapenda sana. Tumpe maji kidogo kidogo. Tumwite mganga wa mifugo aliye karibu.

Na hapa twatoa onyo ambalo tunaomba mlikate na kulibandika ukutani. Msimpe kobayi dawa za watu. Penisilini, ampisilini na amokisilini, ambazo huponya mtoto wenu, huua vile vijidudu vyema vya tumbo lake, na baada ya siku chache naye hufa. Wengi wamemwua mnyama wao kwa mapenzi, wakitumia nusu ya kidonge kilichobaki kabatini.

NENO JUU YA PANYA

Wanafunzi wa mijini mara nyingine hufuga panya weupe. Dalili zao ni karibu zile zile, lakini zipo mbili za pekee. Panya aliyefadhaika au mgonjwa huonekana na rangi nyekundu kuzunguka macho na pua; wengi hudhani ni damu, nayo ni majimaji ya tezi ya jicho tu. Tena baadhi ya sauti zake za hofu ni nyembamba mno, sikio la mtu haliwezi kuzisikia. Kwa hiyo ukimya wa panya usituhakikishie kwamba ana raha.

Mwaka 2010 wataalamu wa chuo kile kile cha McGill walionyesha kwamba maumivu ya panya mdogo husomeka usoni mwake katika mambo matano: macho kufumba, pua kuvimba, mashavu kuvimba, masikio kurudi nyuma, na ndevu kubadilika. Uso wa mnyama mwenye uzito wa barua una maandiko, kwa mtu ajuaye kusoma.

Na ili tusione kwamba panya ni kiumbe cha kudharauliwa, tukumbuke wale panya buku wa Morogoro, Tanzania. Shirika la APOPO huwafundisha kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini na makohozi ya wagonjwa wa kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu huko Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya katika nchi ya Kambodia. Walimu wa panya hao huanza kwa kuwazoeza, tangu wakiwa wadogo, mikono ya watu, sauti na mwanga, huku wakiwapa chakula kama tuzo. Fimbo haina kazi pale. Hofu huondolewa kwa uzoevu na upole. Nasi jikoni kwetu twaweza kufanya vivyo hivyo kwa jani moja bichi linalotolewa kwa mkono ule ule, saa ile ile, kila siku.

IMANI YETU INASEMAJE?

Labda baba mmoja atasema: "Watoto wangu wenyewe hawajashiba, nanyi mwataka nihangaike na hofu ya kobayi?" Swali hili ni la haki, na Eklezia halikwepi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, katika namba 2416 hadi 2418, hufundisha mambo mawili pamoja. La kwanza: wanyama ni viumbe vya Mungu, twawiwa nao wema, na kuwatesa au kuwaua bila sababu hakupatani na heshima ya mtu. La pili: si vizuri kuwatolea wanyama mali ambayo ingepaswa kwanza kuondoa taabu ya watu. Angalieni basi: katika yote tuliyoyaandika leo hakuna hata moja linalonunuliwa. Kivuli, ukimya, nyasi, chungu kilichovunjika, dakika kumi za kutazama: hivi havitoki mfukoni.

Twaruhusiwa kumchinja kobayi na kumla. Mungu alimpa mtu mamlaka hayo. Lakini hata yule atakayechinjwa Dominika astahili kuishi Jumamosi yake bila hofu. Kitabu cha Mithali, sura ya 12, chamtambua mwenye haki kwa namna anavyoitunza mifugo yake; na Papa Fransisko, katika barua yake Laudato si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba ukatili juu ya kiumbe chochote huishia kuonekana pia katika namna tunavyotendeana sisi kwa sisi. Naye Mtakatifu Fransisko wa Asizi, tunayemkumbuka tarehe 4 Oktoba, aliwaita wanyama ndugu zake, huku akiwahudumia wakoma. Upendo wake kwa hao haukuwanyang'anya hawa kitu.

Tena kuna faida inayowapasa wazazi kuifikiri. Mtoto aliyejifunza kuona kwamba kobayi wake amejikunja pembeni, hali, haitiki, ndiye atakayeona siku moja kwamba dada yake mdogo hachezi tena, au kwamba bibi amenyamaza siku tatu. Katika nyumba zetu wapo watu wengi wasiolia kwa sauti. Vita, njaa na vilio vimewazoeza kuficha, kama kobayi anavyoficha. Macho yaliyozoezwa kwa kilicho kidogo hayapiti mbele ya hao bila kusimama.

KAZI YA JUMA HILI

Wanafunzi, chukueni daftari, gawanyeni ukurasa katika safu nne: siku, chakula alichokula, mavi, tabia. Jazeni kila jioni kwa siku saba. Jumamosi mpimeni uzito, mkauandike chini. Kisha mjibu maswali haya mbele ya wazazi:

1. Je, kobayi wetu ana mahali pa kujificha penye milango miwili?
2. Je, moshi, jua au paka humfikia?
3. Je, ana mwenzake?
4. Leo amepata jani bichi au tunda lenye vitamini C?
5. Mara ya mwisho tulimsikia akipiga filimbi lini?

Anayeweza kujibu maswali hayo matano hatakuwa na haja ya kumtafuta mchawi asubuhi moja. Na jirani yake atalala kwa amani.

Mungu awabariki ninyi, nyumba zenu, na vyote vinavyopumua ndani yake.